Je, Pwani ya Bure Haina Mwenyewe?

Katika lugha yetu ya Kiswahili neno "bure" lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kitu kipatikanacho pasipo malipo, kama mtu asemavyo, "Nimepewa bure." Maana ya pili ni kitu kisichofaa au kazi iliyopotea, kama mtu asemavyo, "Nimejisumbua bure." Wazee waliotuachia neno hili hawakuona taabu kuziweka maana hizo mbili katika nyumba moja, nasi yafaa tujiulize sababu. Kwani ni jambo tulionalo kila siku, ya kuwa kitu kilichopatikana bure kwa maana ya kwanza hakikawii kuwa bure kwa maana ya pili. Kisima kisicho na mwangalizi hujaa majani na matope. Mwembe wa njiani hupigwa mawe kabla maembe yake hayajaiva.

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya mahali pa bure palipo karibu nasi sote tukaao Mtwara na kando ya maingilio ya mto Ruvuma, napo ni pwani. Na tufikiri hasa juu ya siku ya mapumziko, mtu aendapo pwani pamoja na mkewe na watoto wake, na mbwa wao akifuata nyuma. Jambo hili laonekana dogo, hata mtu aweza kusema halistahili wino. Walakini ndani yake mna swali kubwa: mahali pakiwa pa watu wote, mimi nina haki gani hapo, na nina deni gani, na kwa nani?

Apitaye Shangani mjini Mtwara siku ya Jumapili alasiri, au siku ya Idi, huona watu wa kila namna. Maji yakijaa, watoto huoga na kupiga kelele. Yakipwa, miamba hutokea, na wanawake huingia na vijiti vyao kuchokoa pweza. Mwenye gari huja, na mwenye miguu yake tu huja. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, Wakristo na Waislamu, wote hukaa juu ya mchanga mmoja. Sehemu nyingine za mwambao wetu zina masharti zaidi. Upande wa Msimbati, hata kufika mpaka wa Msumbiji, tangu mwaka 2000 bahari na mikoko na visiwa vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilometa za mraba 650 hivi, na humo mna kanuni zake. Lakini aendaye kupunga upepo Shangani hakuti mlango wala tikiti.

Nayo sheria yakubaliana na desturi hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema ya kuwa ardhi yote ya Tanzania Bara ni ardhi ya umma, naye Rais ameishika kama mdhamini kwa ajili ya raia wote. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Basi maskini asiye na kiwanja hata cha kupanda muhogo, akisimama pwani, amesimama mahali palipo pake kama palivyo pa tajiri. Hii ni heshima kubwa, wala tusiidharau.

Lakini "pa wote" maana yake nini? Wako wanaofikiri ya kuwa kilicho cha wote si cha mtu, kwa hiyo kila mtu na afanye apendavyo. Wengine hufikiri ya kuwa kilicho cha wote ni cha serikali, kwa hiyo serikali na ifagie. Fikira hizi mbili zaonekana mbali mbali, lakini ni ndugu, maana zote mbili humwondolea mtu mzigo wake. Mimi naona ukweli ni huu: kilicho cha wote ni changu kweli, lakini si changu peke yangu hata mahali padogo pa kuweka unyayo. Nyumbani kwangu mimi ni mwenyeji. Nyumbani kwa mwenzangu mimi ni mgeni. Pwani mimi ni mwenyeji na mgeni kwa saa ile ile. Kwa hiyo nadaiwa mambo mawili pamoja, yaani kazi ya mwenyeji, ambaye huona takataka akaiokota bila kuuliza ni ya nani. Na adabu ya mgeni, ambaye hupiga hodi kwanza.

Sasa na tumlete mbwa, kwa kuwa yeye ndiye ajaribuye neno hili. Mkeka wangu hukaa nilipoutandika. Chungu changu hakiendi kwa jirani. Lakini mbwa ni wangu, na huku ana nia yake na miguu yake, wala hajui mpaka. Palipo na mbwa wangu, hapo mimi nimefika, ijapokuwa nimekaa mbali chini ya mvinje.

Tuchukue mfano. Jamaa ya Kikristo imefika pwani baada ya ibada, pamoja na mbwa wao, ambaye siku sita hulinda shamba la muhogo na mahindi, asiwaache nguruwe mwitu na nyani kula kazi ya mwaka. Siku ya saba watoto wamemleta aoge nao. Hatua thelathini kutoka kwao jamaa ya Kiislamu wametandika mkeka, na sinia la wali limewekwa katikati. Mbwa asikia harufu, akimbia, asimama juu ya mkeka akiwa amelowa, na mtoto mdogo apiga yowe. Baba wa mtoto asema, "Bwana, mzuie mbwa wako." Mwenye mbwa ajibu, "Haumi huyu, ndugu yangu. Tena pwani hii si yako." Mwenziwe asema, "Wala si yako." Wote wawili wamesema kweli, na kwa kweli hiyo siku ya watu kumi na wawili imeharibika.

Tutaamuaje? Tusianze kwa kumdharau mbwa. Mbwa amefanya kazi, na mapenzi ya watoto kwake si ujinga. Katika kitabu cha Tobiti twasoma jinsi kijana Tobia alivyosafiri pamoja na malaika, na mbwa akafuatana nao. Mwandishi hakuona aibu kumtaja. Wala tusianze kwa kumdharau mwenye mkeka. Kwa madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa mwambao huu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Basi mbwa akitia mdomo katika sinia, wali umepotea, na chombo kina kazi. Wala hii si chuki kwa mnyama. Katika mapokeo yao hao hao imo habari ya mtu aliyemkuta mbwa akihema kwa kiu, akashuka kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake, naye akasamehewa dhambi zake. Kwa hiyo asiseme mtu ya kuwa ugomvi huu ni wa dini na dini. Ni ugomvi wa jirani na jirani juu ya mahali walipo wote wawili.

Nami naona kipimo cha haki ni hiki: mzigo na auchukue yule awezaye kuuchukua kwa urahisi. Mimi naweza kumfunga mbwa wangu kwa kamba. Jirani yangu hawezi kuufunga kwa kamba woga wa mtoto wake. Mimi naweza kwenda hatua mia mbili mbele, ambako hapana watu, nikamfungulia mbwa acheze. Yeye hawezi kuuondoa wali uliokwisha kurambwa. Aliye na njia mbili na ampishe aliye na njia moja. Hatusemi ya kuwa mbwa asije pwani kabisa, kwa kuwa jamaa ile nayo ina haki, na labda hawana mahali pengine pa kufurahi pamoja. Twasema ya kuwa haki ya kuja haikuleta pamoja nayo haki ya kumfikia kila mtu.

Wengine watanijibu, "Lakini kweli mbwa wangu haumi." Vema. Neno hilo walijua wewe, kwa kuwa umemlea tangu alipokuwa mtoto. Yule mtoto wa mkekani amelijuaje? Imani hupatikana kwa kukaa pamoja siku nyingi. Haidaiwi kwa mgeni kama kodi. Tena iko sababu nyingine iliyo nzito kuliko woga, nayo ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama, na mtu akiisha kuonyesha dalili zake, karibu hapana aponaye. Wataalamu wamekadiria ya kuwa duniani pote huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na wengi wao ni watu wa Afrika na Asia, na watoto ni wengi miongoni mwao, kwa sababu watoto huchezea mbwa na kuficha jeraha wasije wakakaripiwa.

Walakini ni ugonjwa uzuilikao. Mwaka 1885 bwana Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto Joseph Meister, mwenye miaka 9, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaokoka. Tangu hapo wataalamu wameona ya kuwa njia iliyo bora ni kuwachanja mbwa wenyewe: wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Nasi watu wa kusini tumeliona jambo hili kwa macho. Kuanzia mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilisaidia kazi kubwa ya kuchanja mbwa katika wilaya za kusini-mashariki ya Tanzania, Lindi na Mtwara zikiwamo, na mwenye mbwa hakutozwa kitu. Hapa tena twalikuta lile neno "bure". Chanjo ilikuwa bure, yaani bila malipo. Lakini kwa mbwa asiyeletwa ilikuwa bure kwa ile maana ya pili. Ilibidi mtu mmoja aamke asubuhi, atafute kamba, aache jembe, atembee na mbwa wake hata kituoni. Kitu hicho hakikuwa na bei, lakini kilikuwa na gharama, na gharama ile ililipwa kwa miguu.

Hata sasa mtu akiumwa, na aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje kuona mbwa atakuwaje.

Tena wako wenye haki pwani wasioweza kusema, "Bwana, mzuie mbwa wako." Kasa hupanda mchangani usiku, huchimba shimo, hutaga mayai zaidi ya mia pengine, hufukia, kisha hurudi baharini, akiuachia mchanga kazi ya kuyalea kwa muda wa miezi miwili hivi. Mbwa koko mmoja mwenye njaa aweza kuumaliza uzazi huo kwa usiku mmoja. Na mbwa koko si uzao wa porini. Aghalabu ni mbwa wa fulani, au mtoto wa mbwa wa fulani, aliyeachwa alipoacha kuwa na faida. Vivyo hivyo watu watakaokuja kesho hawapo leo kutetea sehemu yao. Mwanamke atakayeingia majini alfajiri kuchokoa pweza hakuona nani aliyevunja chupa jana jioni. Mguu wake ndio utakaojua.

Labda mtu atasema, "Tumekuwa wengi pale, hapakosi wa kuangalia." Nasi huwaza ya kuwa penye watu wengi hapaharibiki neno. Ni wazo jema, lakini haliwi kweli lenyewe tu, mpaka watu walifanye kuwa kweli. Sikilizeni habari ya mbwa mmoja aliyepita katika nchi hizi.

Mwezi wa Machi mwaka 1866 Dr. David Livingstone alishuka Mikindani, akashika njia ya Ruvuma kwenda bara, katika safari yake ya mwisho. Katika msafara wake alikuwamo mbwa mdogo jina lake Chitane. Livingstone ameandika ya kuwa Chitane alijitwalia kazi ya kuangalia msafara wote: alikimbia mbele kumtazama mtu wa kwanza, kisha akarudi nyuma hata kwa mtu wa mwisho, akambwekea ili afanye haraka. Mwezi wa Januari mwaka 1867, katika nchi iitwayo leo Zambia, walivuka mto Chimbwe, uliotapakaa upana wa maili moja, na maji yalifika kiunoni. Livingstone alitangulia, akasahau kutoa amri juu ya mbwa. Waliomfuata kila mmoja alikuwa akishindana na maji asianguke. Chitane akaogelea katikati yao hata akafa, wala hapakuwa na aliyemwona.

Watu wa pwani husema, "Mbwa hafi maji akiona ufuko." Chitane hakuuona ufuko, ila aliwaona watu, nao hawakumtosha. Yeye aliyekuwa akiangalia asipotee hata mtu mmoja, siku ile hakuwa na wa kumwangalia. Wala watu wale hawakuwa wabaya. Bila shaka kila mmoja wao, kama angaliambiwa, "Wewe, mbwa huyu yu juu yako," angalimweka begani. Kilichokosekana si huruma, bali ni kutajwa mtu. Nao ndio ugonjwa wa kila kitu cha wote. Aristoteles, mwenye hekima wa Wayunani, aliliona jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ya kuwa kitu kilicho cha watu wengi mno hupata uangalizi mdogo mno, maana kila mtu hudhani mwenziwe anaangalia.

Je, basi tukate tamaa, au tuweke ukuta na tikiti? Hasha. Bibi Elinor Ostrom wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alichunguza malisho, misitu, mifereji na maji ya uvuvi vya nchi nyingi, akaonyesha ya kuwa wako watu waliotunza mali ya pamoja kwa mamia ya miaka pasipo kuigawanya, kwa kuwa wenyewe walipatana kanuni zao na kuangaliana. Na karibu nasi tuna mfano wa Nairobi. Bustani ya Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969, watu wa mji wapumzike humo bila malipo. Mwaka 1989 palikuwa na shauri la kujenga humo jumba la ghorofa 60. Bibi Wangari Maathai aliandika barua na kulalamika, akatukanwa hadharani, wala hakunyamaza. Na mwisho shauri lile likaachwa. Bustani haikuwa yake zaidi ya kuwa ya wengine. Yeye aliihesabu kuwa yake, asingoje wengine waanze.

Kwa hiyo naleta mashauri machache, nayo ni mepesi. Kwanza, kabla jamaa haijatoka nyumbani kwenda pwani, mkubwa wao na ataje majina: fulani atashika kamba ya mbwa, fulani atawaangalia wadogo majini, fulani atabeba kikapu cha takataka. Tusiseme, "Tuangalieni," maana neno hilo halina mtu ndani yake. Pili, tukifika, tuwasalimu waliotutangulia na kuwauliza kama mbwa atawasumbua. Hodi haihitaji mlango. Tatu, mbwa asiyechanjwa na abaki nyumbani mpaka achanjwe. Nne, nao wasio na mbwa wana wajibu wao. Mbwa aliyefungwa kamba, anayepita na bwana wake kwa utulivu, asipigwe mawe wala asifanywe mzaha na watoto. Mwenye kumtunza mnyama kwa adabu amekwisha kulipa sehemu yake. Kumfukuza ni kumdhulumu.

Siku hizi wako watu wasemao ya kuwa afadhali pwani zote zipewe wenye mali, wazitunze na kutoza kiingilio, kwa kuwa umma hauwezi kutunza kitu. Neno hilo hatutalishinda kwa maneno. Kila chupa iliyoachwa mchangani na kila mtoto aliyeumwa ni shahidi wa upande wao, na kila jamaa iondokayo jioni ikiacha mahali safi kama ilivyopakuta ni shahidi wa upande wetu. Pwani tuliipata bila kulipa. Kama watoto wetu nao wataipata hivyo, au wataisimulia tu kama kitu kilichopotea bure, hilo li katika mikono yetu, na kamba ya mbwa imo mikononi humo humo.